Kitambaa Chekundu cha Mfaume

Mikono yangu hii hii ilisuka mikeka miwili, ikapanda lori moja kwenda Dar. Mmoja ukasifiwa, mwingine ukatukanwa.

Na mwanamke aliyesifiwa siku zile hata ukili wa kusukia mkeka hajaushika. Alikuwa ananyonyesha.

Tulieni niwape.

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara, hata asiyejua kuuza chumvi. Pale Kibiti akaibuka Mfaume. Suti ya mtumba, kalamu mfukoni, kuandika kwenyewe shida. Akawa wakala wa duka moja la Dar: sisi wanawake wa kijiji cha Dimani tunasuka, yeye anapakia.

Lori likirudi, Mfaume anatangaza maneno ya wateja. Ukilalamikiwa, anakufungia kitambaa chekundu mzigoni. Mzigo wako unapakiwa mwisho, kama nafasi ipo. Ukifungwa cha tatu, hupakii tena. Na lori lilikuwa ni hilo tu.

Nikafungwa. Nikafungwa tena.

"Wateja wanasema mikeka yako inafumuka, Bi Sijaona."

"Wateja gani?"

"Wateja ni wateja."

Hee! Mkeka wangu ufumuke? Mimi niliyesuka tangu sijavunja ungo? Niliumia, siwadanganyi. Wanangu walikuwa wanakula kwa mikeka ile, na jina la fundi likishachafuka nani atalifua?

Aliyesifiwa kila safari nani? Sihaba. Sihaba ni nani? Mke wa Mfaume. Basi.

Ukiona umeonewa, kamati ya malalamiko ipo. Mwenyekiti wake nani? Mfaume. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Lakini Mungu si Athumani. Sihaba akajifungua, akaenda kulelewa uzazi kwa mama yake, huko Mchukwi. Kwetu mzazi hashiki kazi mpaka arobaini iishe. Wenzake ndio wanamsukia, na pembeni mwa mkeka wanashonea kipande cha kanga yake, ndiyo alama yake. Safari hiyo zamu ilikuwa yangu. Nikamsukia, nikaupeleka Mchukwi, ukatoka huko kwa jina lake. Mwanamume kama Mfaume habari hizo atazijulia wapi?

Lori liliporudi akapaza sauti sokoni: "Sihaba hana mpinzani! Wateja wanamgombania!"

Halafu, kwa mkeka wangu wa lori lile lile, akanifunga kitambaa cha tatu.

Nilimsubiri Sihaba arudi kwake, ndipo nikaenda kwenye kamati. Tulikaa barazani kwa Mfaume, wazee wa kamati wanasinzia. Nikawaambia mikeka yote miwili niliisuka mimi.

"Muongo!" Mfaume akafoka.

"Si muongo," sauti ikatoka ndani. Sihaba huyo, mtoto begani. "Ule wangu kasuka Sijaona. Mie nilikuwa uzazini, au umesahau?"

Akatoka, akaviona vitambaa vyangu mkononi. Vyekundu, maua ya njano.

Akageuka kutazama pazia la mlango wake. Jekundu, maua ya njano. Limeishia magotini.

"Baba Nassibu! Si uliniambia pazia limeliwa na mbuzi?"

Mfaume akawageukia wazee wake wa kamati.

Mnajua kamati iliamua nini? Pazia ni mambo ya ndani ya nyumba, haliwahusu. Vitambaa vibaki. Wazee wazima na ndevu zao!

Sihaba hakubishana nao. Aliling'oa pazia lililobaki, akamfunga nalo mumewe mkononi, akakaza fundo.

"Na wewe wateja wamekulalamikia."

Safari iliyofuata lori liliondoka tupu. Hakuna mwanamke aliyempa Mfaume hata kawa ya chakula. Mwenye duka akaja mwenyewe kuuliza kulikoni, tukamwonyesha vitambaa. Akashangaa. Hajawahi kutuma lalamiko hata moja.

Siku hizi binti yangu ananiuzia mikeka kwenye simu. Juzi kaja amenuna: "Mama, wenye soko la simuni wametupa nyota moja, eti mteja kalalamika. Nimekata rufaa, wamekataa, na mteja mwenyewe hawamtaji."

Nikamwambia, mwanangu, usilie kwanza. Kaulize hizo nyota zinakatwa kwenye pazia la nani.