Mkono wa Baba Mkwe

Presha ilinipata nikiwa na miaka ishirini na tisa, na mimba ya mtoto wa kwanza. Nilidhani muuguzi ananitania. Kwetu presha ilikuwa ya wazee wenye vitambi, si ya mtu anayeuza mitumba soko la Daraja Mbili na kubeba mzigo wake mwenyewe. Nilibishana naye hadi akanipima tena, akanigeuzia mashine nijisomee. Namshukuru mpaka leo kwa subira yake, maana mimi nikianza ubishi si mchezo.

Mtoto alizaliwa salama, lakini presha ikakataa kuondoka. Nikaanza vidonge, na mume wangu akaninunulia mashine ndogo ya kupimia, nikawa natembea nayo mkobani popote niendapo. Ndiyo maana nilikuwa nayo Nyamira, kwa wakwe zangu, asubuhi ile baba mkwe aliporudi kutoka kuchuma chai na kikapu kitupu. Alisema kichwa kinamuuma, tena anaona nzi. Hapakuwa na nzi.

Mume wangu alikuwa amebaki Kisii. Nyumbani tulikuwa wazee wawili na mimi. Na kati yangu na baba mkwe kulikuwa na chinsoni, ile heshima yetu ya mkwe na mke wa mwanawe: hatugusani, hata kwa salamu ya mkono, wala siingii chumbani mwake. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi na sijawahi kumgusa hata kidole.

Basi nikasimama nje ya mlango wa chumba chake na kumwelekeza mama mkwe kwa sauti. Akaufunga mkanda wa mashine juu ya sweta. Nikamwambia sweta litoke. Akaufunga juu chini. Mashine ikalia, ikakataa.

"Mwambie huyo mtu mashine yake ndiyo mgonjwa," baba mkwe akasema kutoka ndani, nami nikacheka. Kisha akaanza neno jingine, likamtoka zito, ulimi ukimkwama kama wa mlevi. Na yule ni Msabato wa kuzaliwa, pombe hajawahi kuionja. Niliogopa sana. Nilijua nikiendelea kuuheshimu mlango ule, tutamzika.

"Tata," nikaita, kama tunavyomwita baba, "naomba niingie."

Nikamsikia akijigeuza kitandani.

"Ingia, mwanangu."

Aligeuza uso ukutani, akaninyooshea mkono. Nami nikautazama mlango, nikaufunga ule mkanda kwa kupapasa. Mkono wake ulikuwa mgumu kwa jembe. Mashine ikapanda, ikavuka mia mbili. Nikampigia jirani mwenye gari, tukamkimbiza hospitali, na daktari akatuambia tumshukuru Mungu, tumemwahi. Nilimshukuru pale pale kwenye korido, kwa sauti, watu wakinitazama.

Aliporudi nyumbani na vidonge vyake, kaka yake mkubwa akaja na fimbo na hasira. Alisema boma limetiwa aibu, mke wa mwana amemshika baba mkwe, ni lazima mbuzi achinjwe kuiondoa. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Baba mkwe hakubisha. Alimtoa mbuzi mwenyewe zizini.

Siku ile alikula fungu lake bila chumvi, kama alivyoagizwa hospitali. Alikunja uso kila tonge, lakini hakubakisha kitu. Kisha akamwambia kaka yake, kwa sauti ya kunifikia kule jikoni:

"Huyu mbuzi angechinjwa tu. Msingemla leo, mngemla kwa matanga yangu. Mshukuru huyo msichana, mzee. Leo na mimi nimemla."