Nilivyomshusha Bibi Harusi Mlima wa Yeoville

Shule niliacha darasa la sita, lakini kung'arisha bati la gari najua. Mpwa wangu alipoolewa, bosi wangu wa gereji kule Bertrams akaniazima gari lake la Kimarekani la miaka ya hamsini. Enzi zake lilikuwa gari la familia za kawaida tu, ila nyuma lina mapezi mawili kama papa.

"Oili ya breki inavuja," bosi akaniambia. "Iangalie kabla hujatoka."

Asubuhi nzima nikasugua mapezi. Oili sikuangalia.

Saa nane mchana tukatoka mtaa wa Yeoville kwenda ukumbini. Bibi harusi nyuma, shangazi yake mbele kando yangu, maana kiti cha mbele ni kimoja kirefu kama sofa. Msafara unafuata. Tukaanza kushuka mlima, nikakanyaga breki. Pedali ikazama kama nimekanyaga uji.

Kule chini robot, yaani taa za barabarani, ni nyekundu, teksi zinakatiza.

Nikapiga honi wajue nina shida. Basi magari yote nyuma yakajibu! Si harusi? Nikipiga mimi, nao wanapiga. Shangazi akatoa kichwa dirishani na vigelegele. "Hapo sawa, mjomba! Waamshe!"

Nikapeleka mkono katikati kutafuta handbreki, kama kwenye magari niliyozoea. Nikashika goti la shangazi. Akanizaba kofi.

"We mwanaume! Mbele ya mtoto?"

Kofi lile ndilo lililonizindua. Kwenye gari hili handbreki ni mpini wa kuvuta, chini ya dashibodi. Nikavuta huku nasoma kila dua ninayoijua, mpaka ya kulala. Gari likalia, likayumba, likasimama. Teksi ikapita mbele ya pua yetu.

Watu wakashuka wakidhani nimesimama kwa madaha, wakaanza kucheza kuzunguka mapezi. Mimi nimeng'ang'ania mpini, vidole havifunguki.

"Mjomba," bibi harusi akaninong'oneza, "breki hakuna, eti?"

"Nani kasema?"

"Unalia."

Akainama mbele, akanibandua vidole kimoja kimoja kwa mikono yake yenye hina. Kisha akavua viatu. "Ukumbi si ule pale? Mimi natembea."

Nikaweka jiwe chini ya tairi, nikamfuata kwa miguu. Nyuma mtu akapiga honi. Nikarukia mtaroni.