Jumapili Katika Nchi ya Jumwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa kwa sababu sikutaka kutoka nyumbani. Nalisema hili mapema, ili kijana anayedhani kwamba sisi walimu wa kanisa wa zamani tulikuwa watu wa moto, tuliokimbilia porini tukiimba, apate kutulia. Mimi nilikuwa mtu wa jamvi na bakuli la uji. Mama yangu alinisukuma mlangoni, hapo kwetu Rabai, akanitia mkononi kipande cha muhogo wa kuchoma, akasema, "Nenda mwanangu. Mungu akichoka nawe ataita mwingine." Na kanisa nililokuwa nikienda kulitumikia lilionekana kutoka uani kwetu.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi hata siku za matope. Ndiye aliyenionyesha kazi. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo mbili, ukakipiga kwa nyundo. Mapigo ya kwanza yalikuwa ya kuamsha watu, ya pili ya kuwaita, na kati ya hayo ulimpa mwenye mtoto mchanga nafasi ya kumnyonyesha. Msomaji, ndiyo iliyokuwa daraja yangu, aliongoza Sala ya Asubuhi kila siku kabla watu hawajaenda shambani, akasoma sehemu ya Maandiko, akafunga kitabu. Kuhubiri kulingoja ruhusa. Kubatiza na kutoa Meza ya Bwana kulikuwa kazi ya kasisi, nasi hatukugusa. Mchana tuliwafundisha wanafunzi wa ubatizo, yaani watu walioomba kubatizwa lakini hawajahojiwa. Walijifunza kwa moyo Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani na Amri Kumi, na aliyeweza alijifunza kusoma.

Nilikuwa na sauti nzuri siku zile, na mbaya zaidi, nilijua. Asubuhi moja niliirefusha sala mpaka uji wa watu ukapoa majumbani. Mwalimu Mkuu alingoja watu watawanyike, kisha akaniambia taratibu, "Ukisali ili uwapendeze watu, watapendezwa. Umekwisha kulipwa, nenda ukapumzike." Sikupumzika siku ile wala iliyofuata.

Baadaye nilipelekwa Takaungu. Nililia njiani, lakini mvua ilikuwa ikinyesha, kwa hiyo heshima yangu ilisalimika. Huko Wakristo tulikuwa wachache, watu waliokuja kutafuta kazi mashambani, nami nilikuwa na chumba kimoja cha kusomea na dirisha moja. Jirani yangu alikuwa fundi wa kushona kofia, Mwislamu mcha Mungu, mtu wa utani usio na mwiba. Adhana ya alfajiri ikilia yeye hushika njia ya msikitini akanikuta bado nimejifunika shuka, akanigongea dirisha akipita. Ati, mwalimu, wewe umepunguziwa sala zikawa mbili tu, na hizo mbili bado zinakushinda? Nikaanza kuamka adhana inapolia, nikapiga magoti yangu wakati yeye anaweka paji lake chini. Hakuwahi kujua kwamba ndiye aliyenifundisha kusali kila siku bila kungoja kujisikia vizuri, au labda alijua. Nilipooa, mke wangu Raheli alimpelekea mkate wa mofa wa kushukuru, fundi akauliza anashukuriwa nini, Raheli akamwambia, "Kwa kuniamshia mume."

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Kasisi aliyesimamia upande wa kaskazini, tuliyemwita Bwana Padre, alihitaji mwalimu wa kijiji kimoja cha Wagiriama, nyuma ya Malindi, mwendo wa kutwa kutoka pwani. Aliyekuwapo aliugua homa akarudishwa kwao. Bwana Padre alikuwa Mzungu mrefu, mgumu, mkweli kama rula, na Kiswahili chake kilinyooka vivyo hivyo. Aliniambia nitapata banda la makuti, wanafunzi wa ubatizo kumi na kidogo, na wazee wasiotupenda. Raheli alifunga mizigo huku akiimba. Mimi nilifunga mizigo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo mmelisahau. Sisi kanisani tunahesabu siku saba. Wagiriama kwa mila yao walihesabu nne: siku tatu za kulima, na ya nne ni jumwa, siku ambayo jembe halipigwi ardhini. Soko lilikuwa siku hiyo, na ngoma, na mashauri ya wazee. Kwao Jumapili ilikuwa kitu kisichoshikika. Nilitengeneza kibao chenye matundu saba na kijiti cha kuhamisha kila asubuhi, nikakitundika mlangoni mwa banda ili watu wajue siku tuliyo nayo. Nisipoamka, Raheli alikihamisha. Kwa hiyo kilikuwa sahihi daima.

Mwalimu aliyenitangulia alikuwa shujaa, na mashujaa huwaachia wengine kazi kubwa. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba Mkristo hana jumwa, na kwamba njia ya kuonyesha imani ni kushika jembe siku hiyo na kulima mbele ya macho ya watu. Bwana Padre naye alipopita alitoa neno: anayeshika jumwa bado hajawa tayari kwa ubatizo.

Wanaume walisikia wakachelewachelewa. Aliyeshika jembe ni Kanze, mjane mwenye watoto wawili. Alilima siku ya jumwa, peke yake, peupe. Mwaka huo mvua za masika zilikawia, na kila aliyetazama mbingu kisha alitazama shamba la Kanze. Wazee wa kambi, yaani baraza lao, walimnyang'anya jembe. Msemaji wao alikuwa Mzee Ngumbao, shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Walimwambia akilima tena siku ya jumwa atarudishwa kwa wazazi wake, shamba litabaki na ukoo, na watoto watabaki na shamba.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Akilima jumwa, anapoteza watoto. Asipolima, Bwana Padre hambatizi. Akanijia wiki yangu ya kwanza, akaketi kwenye gogo la banda, wala hakulia. Aliuliza tu neno lipi katika Amri Kumi linalosema jumwa. Nikamwambia halimo. Akauliza basi lipi linalosema asiishike. Nikasema nitafikiri, na kwa mtu wa aina yangu hilo lilikuwa na maana ya kwenda kulala.

Raheli hakuniacha nilale. Aliniambia kama ninaogopa wazee niende kwa wazee, maana hofu yangu nikiibakiza nyumbani itamaliza chakula. Nikaenda kwa Mzee Ngumbao. Nilimkuta akichonga mpini, akaitikia shikamoo yangu bila kuacha kazi, akanionyesha kigoda.

"Hiyo Jumapili yako," alisema, "haina kwao? Jumwa yetu huja baada ya siku tatu za kazi, haikosi. Yenu leo iko kabla ya jumwa, mara nyingine iko baada yake, mara nyingine imepotelea katikati. Inatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba."

Nilimwambia kwamba hata mimi sipendi kutangatanga, nilitumwa. Akacheka kwa mara ya kwanza. Basi nikamuuliza swali ambalo, ajabu, hakuna mwalimu aliyekuwa amemuuliza: siku ya jumwa mtu amekatazwa nini hasa? Je, kuna mzimu anaopaswa kuuomba, kuku anayepaswa kumchinja? Akaniangalia kama ninavyomwangalia mtoto anayeuliza maji ni nini. Akasema ardhi inapumzika, basi. Wapo wenye mambo yao ya kuomba, lakini hayo si lazima kwa kila mtu. Kutembea, kuuza, kuketi na wenzako, ruhusa. Mtu akiimba zile nyimbo zetu pia, aliongeza, ruhusa, ingawa kwa masikio yake ingekuwa heri zikatazwe.

Nilirudi nikiwa mwepesi. Nikawakusanya wanafunzi nikawaambia kwamba tangu sasa somo la ubatizo tutalifanya siku ya jumwa, wakati majembe yote yamelala, na Jumapili itabaki siku ya ibada. Shamba la Kanze tukalifanyia mweria siku za kazi, yaani kulima kwa pamoja kwa kupokezana mashamba. Jembe lake lingali kwa wazee, kwa hiyo alilima kwa la Raheli. Nami nilishika jembe. Watoto wa kijiji waliacha michezo yao wakaja kutazama, na mmoja aliuliza kwa adabu kama nina uchungu mahali.

Lakini hiyo ilikuwa amani ya kijiji tu. Bwana Padre alikuwa bado hajaja, na neno lake lilikuwa limesimama. Mwalimu mdogo kubadili mafundisho ya kasisi wake, enzi zile, halikuwa jambo dogo. Angeweza kunirudisha nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kurudishwa nyumbani.

Alifika mwisho wa masika, miguu ikiwa na malengelenge, akakaa mezani chini ya banda kuwahoji wanafunzi. Watu walijaa hata nje. Mzee Ngumbao alikuja pia, akaketi kwenye gogo mlangoni, ametugeuzia mgongo, ili ionekane hasikilizi. Kanze aliisema Sala ya Bwana, Kanuni ya Imani na Amri zote bila kukwama. Kisha Bwana Padre akauliza lile lililotungojea.

"Unalima siku ya jumwa?"

"Silimi, Bwana Padre."

"Zamani ulilima. Umewaogopa wazee?"

Mimi nilitazama chini nikitafuta shimo la kuingia.

"Niliogopa," Kanze akasema. "Watoto wangu ni wawili, sina wengine. Lakini si kwa hofu tu. Jumapili napumzika kwa ajili ya Mungu. Jumwa napumzika kwa ajili ya jirani. Nimefundishwa kuwapenda wote wawili."

"Na jirani akikuita kulima Jumapili?"

"Waliniita mweria mwezi uliopita, ikaangukia Jumapili. Sikwenda. Kesho yake nilikwenda peke yangu nikalima sehemu yangu yote, wakaniona."

Mgongo wa Mzee Ngumbao ulisema kutoka mlangoni, "Ni kweli. Alilima mpaka jua likatua."

Bwana Padre alivua kofia yake akaiweka mezani. Aliuliza nani amemfundisha Kanze maneno haya. Kanze alisema mwalimu alimfundisha Amri, hayo mengine ameishi nayo. Padre akanigeukia, nami nikamweleza habari ya somo la jumwa, sauti yangu nzuri ikiwa imeniacha. Kisha akasema, "Nilipotoa lile neno, sikuwa nimemuuliza mtu yeyote wa hapa. Wewe uliuliza." Akasimama. "Leteni maji."

Akambatiza asubuhi ileile, kwa jina la Naomi, na Raheli akasimama kuwa mdhamini wake. Watoto wawili walishikilia kanga ya mama yao muda wote. Tulipokwisha kuimba, na nakiri tuliimba vibaya maana mimi nilikuwa nalia na mvua haikuwapo kunisitiri, Mzee Ngumbao aliinuka, akaenda nyumbani kwake, akarudi na jembe la Kanze, limetiwa ule mpini mpya. "Kesho si jumwa," alimwambia, "wala si ile yenu inayotangatanga. Kalime."

Nilikaa kijijini pale miaka mingi kuliko mahali popote isipokuwa kwetu. Wanafunzi wa ubatizo waliongezeka, si kwa wingi wa kutisha, lakini banda lilirefushwa. Na kwa kuwa siku zao ni nne na zetu ni saba, ilitokea kila mwezi hivi jumwa na Jumapili zikaangukia siku moja. Siku hiyo hakuna jembe lililopigwa kijiji kizima. Wazee walikuja wakaketi nje kwenye magogo wakati wa ibada, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa la kufanya, na sisi ndani tukaacha mlango wazi. Sijui mbinguni palivyo, ila nikiulizwa hufikiri kuhusu asubuhi zile.

Sasa nimestaafu, niko Rabai, kwenye jamvi nililolitamani ujana wangu wote. Walimu vijana hunijia wakaniuliza siri ya kudumu katika imani. Hunikuta nikipunga nzi, na nadhani hukata tamaa kidogo. Nawaambia kwamba uaminifu sikuuona sana mimbarani. Niliuona kwa mtu anayefanya tena leo lile alilolifanya jana, na akikatazwa, anauliza vizuri amekatazwa nini. Hawaandiki. Wanataka kitu kikubwa zaidi.

Huku kwetu siku hizi jumwa haihesabiwi sana, watu wanalima wanapopenda. Mimi bado naihesabu. Ikifika, jembe langu halitoki. Raheli huwaambia wapitao kwamba mumewe amepata dini ya kumfunikia uvivu, na sina ushahidi wa kumpinga. Naketi barazani nawataja majirani zangu mbele za Mungu, mmoja mmoja kwa jina, kuanzia nyumba ya karibu, ila yule anayenichokoza kwa ng'ombe wake kula mihogo yangu namtaja wa kwanza, nisije nikasinzia kabla ya kumfikia.