Mvua ya Karatasi

Chwaaa.

Sauti hiyo Edilza hakuweza kuisahau: karatasi zikimwagika kutoka kwenye gunia, alfajiri, mbele ya shule ya Pedra Rajada. Ziliangukia mawe ya barabara kwa mlio laini, mrefu, kama mvua ya kwanza inapogusa vigae. Na katika nyika ile kavu ya jimbo la Paraíba mvua ilikuwa na miezi saba haijaonekana.

Gunia lilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka shule hiyo. Aliyempokea duniani ni Mama Quitéria, mkunga, aliyekata kitovu chake kwa mkasi uliochemshwa katika sufuria ya kahawa, kisha akawa mama yake wa ubatizo. Tangu Edilza alipojua kusema, kila alipomwona aliinama kidogo na kusema, "Naomba baraka, mama." Naye akajibiwa, "Mungu akubariki, mwanangu." Kwetu mtu hapiti mbele ya mama yake wa ubatizo bila kuomba baraka. Akipita kimya, kuna jambo.

Alipokua akawa mhudumu wa afya. Kwa miaka kumi na minane alizunguka vitongoji vyetu kwa baiskeli ya bluu, mizani ya kupimia watoto ikining'inia kwenye usukani. Alijua nani ana sukari na nani ana presha. Aliwajua pia wanaume wanaojifanya kumeza dawa mbele yake na kuitema akishageuka. Kilichomsukuma kugombea ni wagonjwa wa figo. Mara tatu kila wiki walisafirishwa kwa mwendo wa saa nne kwenda mji mkuu wa jimbo kusafishwa damu, na saa nne nyingine kurudi, na wawili walifia njiani. Edilza alikuwa amewaandalia wote wawili sandwichi za safari.

"Gombea Bunge la jimbo," watu wakamwambia. "Sisi tutakusukumia hiyo baiskeli."

Kwenye mashine za kura za kwetu mgombea huandikwa kwa jina analoitwa mtaani. Yeye akaandikwa Edilza wa Baiskeli. Alikuwa na gari moja tu la vipaza sauti, lililokuwa likizima kila kilima, na shemeji yake Genival, aliyeacha kuuza matairi ili aongoze kampeni. Mpinzani wake pale mjini alikuwa Alcebíades, mwanasheria tuliyemwita Daktari, mwenye magari tisa na wimbo ambao hata waliomchukia waliuimba wakiosha vyombo.

Mama Quitéria alikuwa na miaka themanini na mitatu na hakujua kusoma. Edilza akamchorea mashine ya kura kwenye kipande cha katoni, na kila jioni wakafanya mazoezi mezani, kati ya kahawa na kuskusi ya mahindi.

"Wa kwanza ni yule wa bunge la Brasília," kikongwe akasema, kidole kikitembea juu ya katoni. "Halafu wewe. Namba zako tano. Sura yako inatokea, nabonyeza kijani."

"Na isipotokea sura yangu?"

"Napiga kelele mpaka waje askari."

"Mama, kwa umri wako sheria haikulazimishi tena kupiga kura."

"Hata kumzalisha mama yako sheria haikunilazimisha. Nilikwenda au sikwenda? Ulikuja umetanguliza matako, mheshimiwa. Hilo usilisahau ukifika huko kwenye viti vya ngozi."

Picha ya kampeni ya Edilza kikongwe aliiweka kwenye rafu, katikati ya Mtakatifu Lusia na Mtakatifu Yosefu. Vikaratasi hivyo vya wagombea, vyenye sura upande mmoja na namba upande wa pili, sisi huviita vitakatifu, maana ukubwa wake na mng'ao wake ni kama picha zinazogawiwa kanisani.

Jumamosi, siku moja kabla ya kura, Genival alimfuata Edilza jikoni.

"Shemeji, yamebaki magunia kumi na mawili ya vitakatifu. Alfajiri tunamwaga."

"Ni kosa, Genival. Sheria inakataza."

"Inakataza, ndiyo. Na kila uchaguzi tunaamkia wapi? Juu ya karatasi. Kuna watu wanafika mlangoni pa shule hawana hata jina moja kichwani. Wanainama, wanaokota sura inayocheka vizuri, wanaipigia kura. Unataka waokote ya nani? Ya Daktari?"

Edilza alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Aliwafikiria wagonjwa wake wa figo. Ukweli ni kwamba alijifikiria pia yeye mwenyewe: miguu yake iliyochoka, na jinsi watu walivyokwisha kuanza kumpisha barabarani.

"Shuleni kwetu," akasema hatimaye. "Ndiko kuna wapigakura wengi. Mwaga pale zaidi."

"Huyo ndiye mbunge wangu!" Genival akapiga meza.

Alfajiri wakaenda na pikapu, taa zimezimwa. Mwanamume waliyemlipa hakutokea, basi Edilza akapanda nyuma yeye mwenyewe, akafungua gunia la kwanza.

Chwaaa.

Kulipokucha mtaa wote ulikuwa unacheka kwa mdomo wake.

Mama Quitéria alikuwa ameisikia sauti ile kitandani. Aliamini ni mvua. Alitoka na beseni, akaliweka chini ya mchirizi, akatazama juu, akakuta nyota. Basi akacheka peke yake, akavaa gauni la Pasaka na kandambili mpya za mpira, akaenda kupanga foleni awe wa kwanza. Barabara ilikuwa imefunikwa kwa karatasi laini juu ya mawe yaliyosuguliwa na miaka mia ya kwato. Alipokanyaga hatua ya tatu, mguu uliteleza kama umepakwa sabuni.

Edilza alifika baada ya dakika chache, akija kupiga kura yake. Akakuta watu wameinama. Alipiga magoti, akagusa nyonga ya kikongwe, na vidole vyake vyenye uzoefu wa miaka kumi na minane vikajua kabla ya daktari yeyote: mfupa umevunjika.

"Nilidhani mvua," Mama Quitéria akasema, uso umepauka. "Sijabonyeza bado, mwanangu. Nipelekeni kwanza nikabonyeze."

Chini ya kandambili ya kulia kulikuwa na karatasi imeganda. Edilza aliibandua. Ilikuwa sura yake, imekunjamana kwenye shavu. Akaifumbata, akaitia ndani ya mfuko wa blauzi, na hakuna aliyemwona.

"Alcebíades huyo!" mtu akapiga kelele. "Amemwaga mpaka ameua kikongwe!"

Edilza alikuwa na pumzi ya kusema neno moja. Gari la wagonjwa likaja, na pumzi ile akaitumia kumwambia dereva apite taratibu kwenye mashimo.

Jioni matokeo yakatoka. Alikuwa amekipata kiti cha mwisho cha chama chake kwa tofauti ya kura arobaini na moja. Watu walimbeba mabegani, Genival akilia kama mtoto, na gari la vipaza sauti, ajabu, halikuzima hata mara moja. Juu ya mabega yale Edilza alikuwa akigawanya hesabu isiyogawanyika: gunia moja ni karatasi elfu ngapi, na karatasi ngapi ziliinamiwa na watu arobaini na mmoja.

Mama Quitéria alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tatu, ana vyuma nyongani, na hakutembea tena. Edilza alikuja kila siku. Alimgeuza ili asipate vidonda vya kulala, alimsafisha, alimchana nywele. Lakini alikuwa akiingia akiuliza maswali mfululizo, umekula, umemeza dawa, dirisha nani amelifungua, ili nafasi ya kuomba baraka ipite. Kikongwe alimjibu moja moja huku akimtazama.

Wageni aliwasimulia zaidi. "Paja hili amelivunja Alcebíades," alisema akilipapasa kama kitu cha jirani. Habari ikaenea. Sokoni watu walimzomea mwanasheria yule: "Daktari, leo unamwangusha nani?" Mteja mmoja, kisha wa pili, wakachukua mafaili yao. Mwezi Desemba alikutana na Edilza kwenye meza ya maembe na vitunguu. Alikuwa amekonda.

"Hongera, mheshimiwa."

"Asante, Daktari."

"Mimi si mtakatifu," akasema, akichagua kitunguu ambacho hakukihitaji. "Nilimwaga upande wa kanisa, magunia saba. Shuleni sikufika. Nilikuta kumekwisha kujaa."

Alimtazama mara moja tu, bila hasira. Edilza akalipa maembe yake na kuyasahau mezani.

Nyumbani alimwambia Genival kwamba atasema ukweli. Genival alifunga mlango kwanza.

"Ukisema, wanakunyang'anya kiti. Halafu wagonjwa wako wa figo watakwenda na nini, na toba yako? Shemeji, mama mwenyewe ana furaha. Anakuhesabia siku za kuapishwa. Usimvunje na moyo, paja linatosha."

Maneno yale yalikuwa na mantiki, na Edilza aliyashika kwa wiki kadhaa kama mtu anayeshika sufuria ya moto kwa kitambaa chembamba.

Siku ya mwisho ya Januari, siku moja kabla ya kuapishwa, alikwenda kuaga. Alichemsha maji, akaweka miguu ya Mama Quitéria ndani ya beseni, lile lile lililotolewa nje alfajiri ya uchaguzi, akaanza kuiosha. Alasiri ilikuwa imejaa mawingu. Kabla hajafika kwenye visigino, vigae vikaanza kulia. Chwaaa.

Mikono ya Edilza ikasimama ndani ya maji.

"Sikiliza," kikongwe akasema, akainua kidole. "Hii ni yenyewe au ni karatasi tena?"

"Ni mvua, mama."

"Nenda kachungulie. Mimi nilishadanganywa mara moja."

Edilza akaenda dirishani. Ua ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na harufu ya udongo ikaingia mpaka kwenye rafu ya watakatifu, ambapo sura yake bado ilikuwa inacheka kati ya Lusia na Yosefu. Akarudi, akapiga magoti tena.

"Ni yenyewe."

"Basi Mungu anakuaga vizuri. Sasa nisikilize. Wewe unakwenda kutunga sheria. Ya kwanza kabisa, kabla hujazoea viyoyozi, iwe ya kukataza hizo karatasi. Iite kwa jina langu. Nataka Alcebíades aisikie redioni akiwa anakunywa supu, imuwashe kooni."

"Mama..."

"Usiniambie mama. Umeingia humu miezi mitatu kama mtu wa kusoma mita ya maji. Hujaniomba baraka hata siku moja. Nilidhani ni ukubwa. Nikasema, basi, ameshakuwa mheshimiwa, baraka za kikongwe ni za watu wa baiskeli."

"Si ukubwa, mama."

"Basi omba. Na uniahidi hiyo sheria."

Edilza alitoa mguu mmoja majini, akauweka juu ya taulo mapajani mwake. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Kwenye mfuko wa blauzi yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo kwa karibu miezi minne alikuwa akiihamisha kutoka nguo hadi nguo. Akaitoa. Akaikunjua juu ya taulo, upande wa sura, pale alama ya kandambili ilipokuwa bado imekata shavu.

"Siwezi kuahidi hiyo sheria, mama. Ipo tayari. Ina miaka mingi."

"Ipo?" Mama Quitéria hakuwa ameitazama karatasi. Alikuwa akimtazama yeye, kama alivyowatazama watoto waliochelewa kulia. "Ipo, na watu wanamwaga? Basi pale shuleni kwetu nani aliivunja?"

Mvua ilizidi juu ya vigae. Edilza aliinama mpaka paji la uso wake likagusa ule mguu uliolowa.

"Mimi," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye kisigino. "Mimi, mama. Naomba baraka."