Nyumba Yetu Kutoka Angani

Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu, kwa hivyo kompyuta nilizisikia tu. Fujo za uchaguzi zilipotukimbiza hadi kanisani Nakuru, hatukujua kama nyumba yetu kule Njoro imechomwa. Mwenye saiba, kile chumba cha intaneti jirani na kanisa, akanionyesha kwenye kompyuta dunia kutoka angani. Akaivuta karibu, shamba letu likatokea, na bati letu likiwa zima. Nilidhani hivyo ndivyo Mungu anavyotuona.

Nilikimbia kanisani. "Hakuna kilichochomwa," niliwaambia majirani. "Fungeni mizigo, twendeni nyumbani."

Nikawapitisha saiba wajionee. Wazee walivua kofia. Nami, wa darasa la sita, nikaelekeza kidole kama mwalimu mkuu.

Mdogo wangu Esta akasogelea kioo. "Dada, na huo mti kando ya choo? Si ndio tuliokata tukapasua mbao za jeneza la Mama?"

"Siste, hiyo picha ni ya kitambo," akasema mwenye saiba. "Ulidhani ni ya leo?"

Majirani walinigeukia, mizigo mgongoni. Mimi nilikuwa bado nalitazama lile bati, ambalo chini yake Mama alikuwa hai.