Hapana ya Adabu

Kama kuna neno lililomkera Mwalimu Linah Chepkorir kuliko yote, ni "zii", ile hapana ya mkato ya vijana. Watoto wa Kabazi walilitema kama maganda ya miwa. Mwambie mtoto afute ubao, zii. Mwenzake amwombe kitabu, zii. Lakini usidhani Linah alitaka waseme ndiyo kwa kila jambo. Hapo ndipo watu walipomwelewa vibaya, na wa kwanza wao alikuwa mkubwa wake kazini, Bethwel, mwalimu mkuu.

Linah alizaliwa papo hapo Kabazi, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha hata punda hugoma kuupanda, na shule anayofundisha ndiyo aliyosomea. Enzi zake wasichana walitolewa darasani kwenda mtoni kuwachotea walimu maji, na wa kwanza kuitwa alikuwa yeye, eti kwa sababu ana adabu. Chepkorir hana neno, walimu walimsifu. Wenzake walipokuwa wakifundishwa kugawanya, yeye alikuwa mlimani na mtungi mgongoni. Mpaka leo hesabu za kugawanya zinampiga chenga, na mpaka leo akiikumbuka sifa ile damu inamchemka. Adabu gani hiyo ya kumnyima mtoto masomo?

Basi alipopewa kipindi cha maadili cha Ijumaa, ambacho walimu wengine hukitumia kusahihisha vitabu, alifundisha kitu alichojitungia mwenyewe: namna ya kukataa. Mikono nyuma, uso juu, sauti ya chini. "Hapana, mwalimu. Samahani." Kisha utoe sababu yako. Naye aliyekataliwa, awe mtoto au mtu mzima, ana jibu moja tu: "Nimekusikia." Hakuna kufoka, hakuna kununa. Watoto walifanya mazoezi huku wakishika mbavu kwa kicheko, na Linah mwenyewe alipoomba kalamu akanyimwa, alijibu kama wao.

Wazazi hawakulifurahia jambo hilo. Micah, dereva wa lori la maziwa, alisimama mkutanoni akasema kuwa shule ni ya kusoma na kuhesabu, adabu atamfunza mtoto wake mwenyewe nyumbani. Linah akamuuliza huwa anafika nyumbani saa ngapi. Watu wakacheka, maana kila mtu alijua Micah huondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Micah akaketi, amekasirika.

Siku moja Bethwel alichungulia darasani, hesabu zikiendelea, akamwagiza Jepkemei, binti wa Micah, achukue mtungi aende mtoni. Msichana akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Hapana, mwalimu. Samahani. Tuko kwa hesabu, na leo ndiyo nimeanza kushika."

Bethwel aligeuka akatoka. "Nimekusikia" hakusema. Alikwenda moja kwa moja kwa Linah akamwambia kwamba hicho ni kiburi kilichovalishwa sare ya shule, na kwamba mtoto mwenye adabu ni yule anayetumwa akaenda. Ijumaa kwenye paredi Linah angesimama mbele ya shule nzima, aseme kipindi chake kilikuwa kosa, aombe msamaha. Akikataa, atahamishwa, tena mbali. Na Bethwel alijua fika kwamba mama yake Linah, mkongwe asiyeona vizuri, hana mtu mwingine wa kumwashia moto.

Linah aliogopa, nisikufiche.

Ijumaa bendera ilipandishwa, baridi ikipenya masweta. Bethwel alikuwa amemwita Micah aje ashuhudie, kwa kuwa mtoto aliyeharibiwa ni wake. Mwalimu mkuu akahubiri kirefu kuhusu heshima, kisha akasema, "Madam Linah, njoo hapa mbele uombe msamaha."

Linah akatoka mbele. Akaweka mikono nyuma. Darasa lake lilijua kinachofuata.

"Hapana, mwalimu. Samahani," alisema, kwa sauti ya chini. "Mimi nilibeba maji hapa nikaitwa mtoto mzuri. Huo uzuri sitamfunza mtoto wa mtu."

Bethwel akamtazama Micah amsaidie. Micah akatazama viatu vyake. Ndipo kutoka kwenye mistari sauti moja nyembamba ya Jepkemei ikasema, "Tumekusikia." Darasa lake likafuata, halafu na madarasa ambayo Linah hajawahi kuyafundisha, maana watoto walikuwa wamefunzana wenyewe uwanjani.

Barua ya uhamisho huenda ikaja, na Linah amesema ikija ataijibu vilevile. Ila jioni ile hakuna mtoto aliyetumwa maji, na Bethwel akaonekana akitoka mtoni na mtungi wake mwenyewe, suruali imejaa matope. Lori la maziwa lilipotokea kwenye kona alilisimamisha, akaomba apandishiwe mtungi hadi juu shuleni, ni hapo tu, dakika chache za kuzunguka.

Micah akateremsha kioo.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Samahani. Leo nataka nifike nyumbani kabla watoto hawajalala."

Akaondoa gari taratibu ili asimrushie matope, na mwalimu mkuu akaupanda mteremko na mtungi wake.