Mshika Bendera Anayezijua Ndege za Dawa

Viatu vya Kadii Fondo viko mkononi. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande umeilowesha pamba hadi magotini, na wanawake wengine shambani wamevaa ndara zao. Yeye amezivua na kuzishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umebeba bendera nyeupe iliyofungwa kwenye mti wa mwarobaini.

"Ukivaa ndara hatua inafupika," anasema bila kugeuka. "Hatua ikifupika, dawa inamwagika mara mbili pale pale. Ikirefuka, wadudu wanabaki."

Mlio unafika kabla ndege haijaonekana. Kadii anasimama, anainamisha kichwa, anafumba macho. Halafu anayafumbua na kulitazama jua, ambamo kitu cheusi kama inzi kimeanza kukua. Hapungi bendera bado. Anangoja ndege ijipinde kidogo aone ubavu wake.

"Vyuma viwili," anasema, na anapunga mara moja.

Mbali, karibu kilomita nzima upande wa magharibi, mwenzake Mbeyu Kazungu anapunga mara moja kumjibu. Ndege inashuka mpaka magurudumu yanakaribia kuigusa pamba, inapita juu ya mwanamke mmoja na kumwendea wa pili, na ukungu mweupe unatua nyuma yake. Kadii amekwisha kujifunika uso kwa leso na ameanza kutembea. Midomo yake inahesabu. Kumi na sita. Anasimama, anainua bendera, anangoja tena.

Hii ndiyo kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, mjane mwenye watoto watano. Kwa misimu kumi na minne, hadi msimu huu wa 1977, ameshika bendera katika shamba la pamba la Bwana Anantrai Lakhamshi, mwenye duka la nguo mjini Malindi. Shamba lenyewe liko upande wa bara wa njia ya Ngomeni.

Rubani akiwa hewani haoni mistari ya pamba. Huona bendera mbili tu, moja kila mwisho wa shamba, na hupita katikati yake kama uzi katika tundu la sindano. Akishapita, washika bendera husogea pamoja, hatua sawa kwa sawa, naye hurudi.

Hatua ngapi? Hapo ndipo kazi ilipo. Bwana Anantrai hana ndege yake. Hukodi ile iliyo na nafasi, na shambani hakuna anayejua asubuhi itakuja ipi mpaka itokee.

Ndogo kuliko zote ni Piper. Wafanyakazi huiita Nyigu. Bawa lake liko chini, na limeshikwa kwa juu na vyuma viwili kila upande, vilivyotanuka kama miguu ya mtu aliyesimama imara. Dawa yake hufunika hatua kumi na sita, na bendera hupungwa mara moja.

Ya pili ni Cessna, waliyoipa jina la Kunguru. Bawa liko chini vile vile, rubani ameketi juu vile vile, pua imechongoka vile vile. Lakini chuma kinachoshika bawa ni kimoja tu kila upande, na mlio wake ni mzito. Hiyo ni hatua ishirini na mbili, bendera mara mbili.

Ya tatu ina mabawa mawili, moja juu ya jingine. Huitwa Ghorofa. Hatua ishirini na nne, bendera mara tatu.

"Ghorofa hata kipofu anaijua," Kadii anasema. "Inanguruma kama mashine ya kusaga posho. Kesi iko kwa Nyigu na Kunguru. Zikikujia usoni, na jua liko nyuma yake, ni mapacha."

Mshika bendera wa mashariki ndiye mwenye kuamua, maana ndege hufuata ufuo kutoka Malindi kisha hukata kuingia bara, zikitokea upande wa jua. Akipunga mara mbili, wa magharibi naye hupunga mara mbili na kuhesabu ishirini na mbili. Hakuna wa kumsahihisha.

Upande huo wa mashariki una taabu yake nyingine. Upepo wa asubuhi hutoka bara kwenda baharini, na dawa huufuata. Anayesimama magharibi hunusa. Anayesimama mashariki hulowa.

Kadii hulipwa shilingi tisa kwa siku ya ndege. Kwa mwezi siku hizo hazizidi nne. Siku nyingine hupalilia kwa shilingi saba. Akirudi nyumbani hunawa mikono kwa majivu mara tatu kabla ya kugusa chungu, na bado mwanawe wa mwisho huukataa uji wake, akisema unanuka ndege.

"Macho yananiwasha mpaka saa nane," anasema. "Kifua nimeshakizoea. Zamani nilikuwa nikimaliza kazi napita kwa jirani, napiga soga. Sasa nikifika nalala. Watoto wananifunika leso, wananiacha."

Hakwenda shule. Pamba alifundishwa na babu yake, aliyefanya kazi katika ardhi hii hii kabla ya 1914, wakati wazungu walipokata pori na kuleta mbegu. Ndege hazikuwako.

"Babu alikuwa akipewa debe," Kadii anasimulia. "Anaokota viwavi kwa vidole, mmoja mmoja. Jioni mzungu anachungulia debe. Lisipofika nusu, siku hiyo haihesabiwi. Babu alikuwa akisema vidole vyake vilinuka viwavi mpaka uzeeni." Ananusa mkono wake mwenyewe. "Mimi nanuka dawa. Haya, tumesonga mbele."

Wiki hii uchovu wake una sababu nyingine. Mume wa Mbeyu amepata kazi kwenye kiwanda cha maziwa kule Mariakani, na Jumamosi mke anamfuata. Nyapara wa shamba, Mzee Dzombo, amemtaka Kadii atoe jina la mtu anayejua ndege, na amempa mpaka leo mchana.

Jina analo. Amekuwa nalo tangu Jumatatu. Ni Zipporah Dena, aliyeshika bendera pamoja naye kwa misimu kumi na mmoja na ambaye sasa hushona makuti nyumbani kwake.

Shida ni kwamba jina hilo Mzee Dzombo alilifuta kwa mkono wake. Misimu mitatu iliyopita, ndege ilikuja ikiwa Nyigu na bendera ya mashariki ikapungwa mara mbili. Washika bendera wote wawili wakatembea hatua ishirini na mbili mahali pa kumi na sita. Kila ndege ilipopita, hatua sita zilibaki bila dawa. Baada ya wiki tatu shamba lilikuwa na mistari, mmoja wa kijani na mmoja ulioliwa, kuanzia mwisho huu hadi mwisho ule.

Upande wa mashariki ulikuwa wa Zipporah. Alifukuzwa kabla ya mavuno, na habari ikaenda mashamba ya jirani. Tangu hapo hajapata bendera, wala hata kibarua cha kuchuma.

"Nataka nimwone tena shambani," Kadii anasema. "Sina mpango mwingine mwaka huu. Watu wananiuliza, hutaki ng'ombe, hutaki bati? Mimi nataka Zipporah aandikwe."

Anapoulizwa ilikuwaje siku ile, anaitazama miguu yake, iliyoshika tope hadi kwenye vifundo, na kusema ndege inarudi. Kweli inarudi.

Kufikia saa nne upepo umegeuka, sasa unatoka baharini, na majani ya pamba yanaonyesha mgongo wake mweupe. Dawa haiwezi kunyunyizwa tena. Nyigu inazunguka mara ya mwisho na kwenda zake. Mbeyu anakuja akikatiza shamba, leso begani, na wanawake hao wawili wananawa kwenye pipa la maji lililo kando ya kibanda cha nyapara.

"Leo ulichelewa kupunga," Mbeyu anasema. "Nilidhani umelala."

"Nilikuwa natafuta vyuma."

"Ndege ni ndege tu, mama Kalama. Zote zinatema. Wewe ukipunga moja, mimi moja. Ukipunga kumi, mimi kumi."

"Na siku nikiugua?"

"Siku hiyo nitaiuliza ndege jina lake."

"Kwako mbuzi na kondoo ni wamoja?"

"Kwenye sufuria, ndiyo."

Kadii anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kicheko kinaishia katika kikohozi kirefu. Mbeyu anamshika mgongo mpaka kipite.

Mzee Dzombo ameketi juu ya mkebe wa dawa uliopinduliwa. Ni mtu wa miaka sitini hivi, mpole wa sauti, mwenye penseli nyuma ya sikio. Anafungua daftari lake gotini.

"Shikamoo, mzee," Kadii anasema.

"Marahaba, mama Kalama. Umefanya kazi nzuri. Haya, jina."

"Zipporah Dena."

Penseli haigusi karatasi. "Nilikuomba mtu anayejua ndege."

"Hakuna anayezijua kumshinda yeye. Habari ya vyuma mimi nilifundishwa na yeye."

"Alizijua, kisha akatuchorea shamba zima. Unakumbuka? Bwana Anantrai alileta wageni wake kuja kuona pamba. Wakamuuliza kama amepanda mkeka."

Mbeyu anacheka, kisha anaona uso wa Kadii na kuacha.

"Mzee, ni misimu mitatu sasa," Kadii anasema. "Hata mwizi wa kuku hutoka jela."

"Mimi sina neno naye. Watoto wake nawasalimu njiani. Lakini bendera ya mashariki ilikuwa yake, na bendera ya mashariki ndiyo iliyodanganya. Bwana Anantrai akiniuliza, nitamjibu nini? Nipe jina jingine, mama. Jua linapanda."

Jina jingine lipo. Yuko mke wa shemeji yake Kadii, mwanamke mwenye miguu mizuri na hatua isiyoyumba. Angefundishwa vyuma kwa wiki mbili. Kazi ingeendelea, shilingi tisa zingeendelea, na pasingekuwa na wa kuuliza. Kadii mwenyewe amekiri asubuhi kwamba mke huyo amemjia mara mbili kuomba.

Anakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Maji ya kunawia bado yanamtiririka kwenye viwiko. Mzee Dzombo anadhani ni kizunguzungu cha dawa, anainuka nusu.

"Kaa, mzee. Si dawa," Kadii anasema.

Anasema polepole, macho yakiwa kwenye pamba.

"Siku ile Zipporah alikuwa na mimba ya miezi sita. Ule upande unalowesha, unajua. Nikamwambia nenda magharibi, leo mashariki nasimama mimi. Wewe ulikwisha kukataza kubadilishana, kwa hiyo hatukukwambia. Tukapitia nyuma ya michongoma."

Mzee Dzombo anaketi tena juu ya mkebe.

"Ndege ikaja na jua. Nikasikia mlio mzito, nikasema huyu ni Kunguru. Sikungoja ijipinde. Sikutafuta vyuma. Kumbe ile Nyigu walikuwa wameitia injini mpya. Zipporah alikuwa mbali, akaifuata bendera yangu. Niliyepunga mara mbili ni mimi."

"Mbona alikubali mwenyewe?" Mzee Dzombo anauliza. "Nilimuuliza mbele yako. Akasema, ndiyo, ni mimi."

"Kwa sababu mume wangu alikuwa amezikwa miezi minne tu. Zipporah aliniambia ninyamaze. Alisema, mimi nakwenda kuzaa, msimu ujao nitarudi, hasira zitakuwa zimepoa. Msimu ukaja, wewe ukamkataa. Nikatazama watoto, nikatazama bendera, nikanyamaza. Ukaja mwingine, nikanyamaza tena. Zipporah aliniomba msimu mmoja, mzee. Hii mingine miwili ni yangu mwenyewe."

Mbeyu amesimama na leso mkononi, hajui aikung'ute au aikunje. Nyapara anaitoa penseli, anaitazama ncha yake, anairudisha nyuma ya sikio.

"Unajua unachokisema, mama Kalama?"

"Najua," Kadii Fondo anasema. "Andika jina lake. Langu ukitaka kulifuta, lifute."